NYANYA NA MITI YA MATUNDA KATIKA UA WA MKIMBIZI
Mazungumzo ya walimu wa bustani ya shule mbele ya wakazi wa kambi ya Dzaleka, Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni



Kamati ilituomba sisi walimu tunaosimamia bustani ya shule tutoe somo fupi katika siku hii ya kumbukumbu. Huenda wengi mlitarajia tuzungumze juu ya amani au juu ya haki za mkimbizi. Hayo ni mambo makubwa, na wako wenye kuyaeleza kutushinda. Sisi tumechagua nyanya na mipapai. Tunaomba mtusikilize hadi mwisho, maana katika nyanya na mipapai nako kuna amani na haki, kama mtakavyoona.

Tarehe 20 Juni ilijulikana kwanza kama Siku ya Wakimbizi wa Afrika. Desemba 2000 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua iwe siku ya dunia nzima, ikaanza kuadhimishwa hivyo mwaka 2001. Lakini hapa Malawi tarehe hii ina maana nyingine pia kwa mwenye jembe. Mvua zilikwisha Aprili, baridi imeingia, na wenyeji wetu wameshateremka mabondeni kulima bustani za kiangazi wanazoziita dimba. Wakati wao wa nyanya ndio wakati wetu wa nyanya. Tukikaa kungoja mvua za Novemba tutakuwa tumepoteza miezi iliyo bora.

KWA NINI BUSTANI, NA POSHO IPO?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi, nasi tutalijibu kwa historia ya nchi hii hii iliyotupokea. Katika miaka ya vita vya Msumbiji, Malawi ilipokea wakimbizi wa Msumbiji waliofika milioni moja. Mwaka 1990 uliwapata ugonjwa wa pelagra. Ngozi hubabuka mahali panapopigwa na jua, tumbo huharisha, na mgonjwa akiachwa akili huchanganyikiwa. Waliougua mwaka huo walizidi 17,000. Sababu haikuwa njaa ya kukosa kabisa chakula. Mahindi yalikuwapo. Kilichokosekana ni karanga, ambazo zilikuwa ndani ya posho na zilikatika, na pamoja nazo ikakatika niasini, vitamini ambayo mahindi peke yake hayaitoi ya kutosha.

Tusieleweke vibaya. Nyanya si dawa ya pelagra. Dawa yake ni karanga, maharage, samaki, nyama. Tunachotaka kusema ni kwamba mtu anayekula kitu kimoja kutoka mkono mmoja yuko hatarini siku mkono huo unapochelewa. Na nyote mnajua jinsi posho inavyopungua, iwe ya chakula au ya fedha. Ua wenye nyanya, lengalenga, mpapai na mpera hautamaliza njaa ya nyumba. Utaweka vitamini A na C katika sahani ya mtoto, utapunguza fedha inayokwenda sokoni kila jioni kwa ajili ya mboga, na utampa mama kitu ambacho hakihitaji kupangiwa foleni. Pera moja lina vitamini C kuliko chungwa moja, na vitamini hiyo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika maharage na mboga za majani.

Mtasema, ardhi iko wapi? Ni kweli. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, kwa ajili ya watu elfu kumi au kumi na mbili. Mwaka 2022 tulikuwa tumeshapita 50,000. Na mwaka 2023, ndugu zetu waliokuwa wakiishi mijini walipoagizwa kurudi kambini, nyua zikazidi kuwa finyu. Kwa hiyo leo hatuzungumzii shamba. Tunazungumzia hatua tatu kwa nne nyuma ya jiko, ukingo wa bafu, gunia kuukuu na ndoo iliyotoboka.

KITALU NA UPANDAJI

Mbegu. Kama umenunua mbegu za kawaida, mfano Rodade au Money Maker, unaweza kuhifadhi zako mwenyewe. Chagua nyanya nzuri kutoka mche wenye afya, iache iive kabisa, kamua mbegu na ute wake katika kikombe, acha siku mbili au tatu ute uchachuke, kisha osha na kausha kivulini juu ya sahani. Usikaushe juani wala juu ya karatasi, zitanata. Kama pakiti imeandikwa F1, kizazi cha pili hakitafanana na mama yake. Hizo ni za kununua upya.

Kitalu. Boksi au beseni lililotoboka linatosha. Chora mistari yenye nafasi ya sentimita 15, tia mbegu kwa kina cha sentimita moja, funika kwa nyasi kavu, mwagilia asubuhi. Mbegu zikichomoza, ondoa nyasi siku hiyo hiyo, maana miche itarefuka na kuwa dhaifu ikitafuta mwanga. Ikiwa jua kali, weka kichanja kidogo cha kivuli.

Kuhamisha. Baada ya wiki nne hadi sita, mche ukiwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15, uko tayari. Wiki ya mwisho punguza maji ili miche izoee shida. Hamisha jioni. Kila shimo litiwe konzi mbili za samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche. Zungushia shina la mche kikaratasi kinachoingia kidogo ardhini, ili sota, yule mdudu anayekata miche usiku, asiufikie.

Mti wa kuegemea. Simika kijiti kando ya kila mche mapema, ufunge kwa kitambaa kilicholegea. Ng'oa vichipukizi vinavyoota kwapani, kati ya shina na tawi, vingali vidogo. Majani yanayogusa udongo yaondolewe, maana magonjwa mengi hupanda kutoka chini kwa matone ya maji.

MAJI

Hapa ndipo akina mama wanapotusimamisha. Foleni ya kisima tunaijua. Basi tufanye hesabu kama darasani. Mche uliozaa unahitaji kama lita moja au mbili kwa siku. Miche kumi, tuseme lita 20 siku ya joto, yaani dumu moja. Viwango vya dharura vinavyotumiwa na mashirika ni angalau lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Familia ya watu sita ikipata kiasi hicho ina lita 90, na sehemu kubwa ya maji hayo hupita katika beseni la vyombo na la kunawia. Kwa hiyo nyanya hazihitaji foleni ya pili. Zinahitaji maji yaliyokwisha kufanya kazi ya kwanza.

Sharti ni haya. Maji yenye dawa ya kung'arishia nguo au sabuni nyingi ya unga yasitumike. Mengine yamwagwe kwenye udongo tu, yasiguse jani wala tunda, na mara kwa mara yabadilishwe na maji safi. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mche ili unyevu ukae. Na umwagilie kwa kipimo kilicho sawa kila siku. Anayeacha siku nne kisha akamwaga ndoo nzima ataona nyanya zimepasuka, au zimeoza kitako na kuwa nyeusi chini. Wengi hudhani huo ni ugonjwa wakanunua dawa. Ni upungufu wa chokaa katika tunda, unaoletwa na maji yasiyo na utaratibu.

ADUI ZA NYANYA

Tutataja wanne.

Wa kwanza ni bakajani, hasa wakati wa baridi na ukungu. Majani huwa na mabaka kama yamemwagiwa maji ya moto, na baada ya siku chache mche wote huungua. Ondoa majani yenye mabaka mara moja, panda kwa nafasi, usimwagilie majani, na usimwagilie usiku.

Wa pili ni mnyauko bakteria. Mche hunyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, na maji hayausaidii. Kata kipande cha shina, kitumbukize katika glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ndio wenyewe. Hakuna dawa. Ng'oa mche pamoja na udongo wa mizizi, uuchome. Mahali hapo usirudishe nyanya, viazi mviringo, biringanya wala pilipili kwa misimu kadhaa. Panda mahindi au mboga za majani.

Wa tatu ni virusi vinavyokunja na kutia majani madoa ya rangi mbili. Tumbaku ni ya ukoo mmoja na nyanya, na baadhi ya virusi vyake huhamia kwenye nyanya kwa mikono. Wilaya yetu ya Dowa inalima tumbaku, na wengi wetu huenda kufanya vibarua huko au huvuta sigara. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuingia bustanini.

Wa nne ni nondo mgeni ambaye wakulima wa Tanzania walimpa jina la kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, na Tanzania mwaka 2014. Funza wake huchimba njia ndani ya jani kama ramani, kisha hutoboa tunda. Kagua majani kila asubuhi. Yaliyochimbwa yakusanye katika mfuko wa plastiki, funga, uache juani siku kadhaa. Usiyatupe kwenye jalala, nondo atatoka pale pale na kuingia kwa jirani.

Kuhusu dawa za dukani: usinunue dawa iliyopimwa katika chupa ya soda isiyo na jina. Hujui ni nini, hujui kipimo, hujui siku za kungoja kabla ya kuchuma. Na chupa ya soda ndani ya nyumba yenye watoto ni msiba unaongoja siku yake.

MITI YA MATUNDA

Miti hupandwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, lakini maandalizi ni sasa. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, na kwenda chini 60. Udongo wa juu uweke kulia, wa chini uweke kushoto. Wa juu uchanganye na samadi, ndio utakaorudi kwanza.

Kwa ua mdogo tunashauri kuanza na mpapai. Huzaa kabla au karibu na kutimiza mwaka. Panda miche mitatu katika shimo moja, kwa sababu mipapai mingine ni dume. Ikitoa maua, acha jike moja. Dume mmoja anatosha majike kama kumi, kwa hiyo majirani wanaweza kuchangia. Mpapai hauvumilii maji yaliyotuama. Panda penye mwinuko. Baada yake mpera na mlimau. Mwembe na mparachichi wa mbegu huchelewa miaka mitano au zaidi, lakini ulioungwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Kuunganisha si uchawi. Ni kazi ya kisu kikali na utepe wa plastiki, na kijana yeyote anaweza kujifunza.

Sasa ulinzi. Mti mchanga una adui wengi kuliko nyanya.

Mchwa. Wanapenda mti wenye kiu na wenye kidonda. Mwagilia mti mchanga, usiukate shina kwa jembe, sogeza nyasi zilizotandazwa zisiguse shina, nyunyizia majivu kuzunguka.

Inzi wa matunda. Huyu hutaga ndani ya embe, pera na mengine, nawe unakuta funza siku ya kula. Kila tunda lililoanguka liokotwe siku ile ile, lizikwe kina cha nusu mita, au lifungwe katika mfuko mweusi na kuachwa juani. Ua mmoja unaoacha maembe yaoze chini hulisha inzi wa kanda nzima.

Moto na panga. Agosti hadi Oktoba nyasi zinachomwa. Palilia kwa upana wa hatua mbili kuzunguka mti. Na wale wanaokata matawi ya miti ya watu kwa ajili ya kuni, tunawaomba waelewe kwamba tawi bichi huivisha ugali mmoja tu, tena kwa moshi mwingi.

Kamba. Usifunge mbuzi wala waya wa nguo kwenye mti mchanga. Kamba ikichubua gome pande zote, mti umekufa ingawa majani bado yanaonekana.

MBUZI NA JIRANI

Tumefika mahali penye ugomvi. Katika kambi hii mbuzi mmoja ameleta mashauri mengi kuliko wezi. Tulikuwapo katika shauri la mama mmoja aliyelea mipapai mitatu tangu mbegu. Mbuzi wa jirani aliikata vichwa alasiri moja, ikiwa imeanza kutoa maua. Mwenye mbuzi alisema, "Mbuzi hajui mpaka." Mama akajibu, "Mwenye mbuzi anaujua." Walikaa miezi bila kusalimiana, na watoto wao wakakatazwa kucheza pamoja. Walikuwa wametoka wilaya moja na walikimbia njia moja.

Ziko njia za kuzuia kabla ya shauri. Zungushia mche miiba iliyosimama, si ya kulala. Chukua samadi mbichi ya mbuzi, koroga na maji, paka majani na shina la mche. Mbuzi hapendi kula kinachonuka kinyesi chake. Rudia baada ya mvua. Wigo wa mbono, ambao mbuzi hauli, hupandwa kwa vipande vya matawi. Lakini mbegu zake ni sumu, watoto wafundishwe. Pamoja na hayo yote, dawa kubwa ni kamba ya mwenye mbuzi.

MTI NI WA NANI?

Mwisho, kuna neno ambalo watu hutuambia kwa sauti ya chini. "Mwalimu, mimi nipande mwembe wa miaka minne, nami faili langu limeshaitwa mara mbili? Nipande mti katika nchi ambayo si yangu, nimwachie nani?"

Hatutalipuuza swali hilo. Anayelisema amekwisha kuacha miembe mara moja, huko Fizi, Uvira, Cibitoke au kwingineko, na hajui nani anaikula leo. Kuacha mara ya pili kunauma. Lakini tazameni: wengine walisema hivyo hivyo mwaka ule wa kwanza. Watoto waliozaliwa hapa mwaka 1994 sasa ni wazazi. Mti uliokataliwa mwaka ule kwa sababu "tunaondoka kesho" ungekuwa umelisha vizazi viwili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku yetu ya tatu ilipita zamani.

Tena, anayepanda haondoki mikono mitupu. Ujuzi wa kuunganisha mwembe hauchukui nafasi katika begi, wala haukaguliwi mpakani. Aliyeitwa na ndege atakuwa nao, anayerudi nyumbani atakuwa nao, na anayebaki atakuwa na kivuli.

Hata hivyo swali la "nimwachie nani" linastahili jibu la utaratibu, si la maneno matamu. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, tunatoa maombi matatu.

Kwanza, Kamati iweke sheria ndogo ya mbuzi: wafungwe au wachungwe kutwa, na mwenye mbuzi aliyeharibu mche alete mche mwingine na kuulea pamoja na mwenye ua hadi ushike. Fidia ya fedha huisha siku moja. Mche unaolelewa na wawili hurudisha salamu.

Pili, mwenye mti anayeondoka aukabidhi kwa mtu anayemtaja mwenyewe, mbele ya kiongozi wa kanda na mashahidi wawili, na iandikwe daftarini. Nyumba zinakabidhiwa kwa kelele kila mara. Tuanze na miti, tujifunze kukabidhiana kwa amani.

Tatu, tunaomba mashirika yatusaidie mifuko ya miche, visu vya kuunganishia na mbegu, badala ya kutuletea miche iliyokwisha kuota. Mche wa kupewa ukifa husemwa, "mche wa shirika umekufa." Mtu aliyeuotesha mwenyewe hausemi hivyo.

Kwa upande wetu, bustani ya shule iko wazi kila Jumamosi asubuhi. Anayetaka kujifunza kitalu, au kupimiwa mnyauko kwa glasi ya maji, aje. Anayekuja na konzi ya mbegu zake atakaribishwa zaidi, maana tungependa kuona ni mbegu zipi zilizosafiri nasi.

Jua bado lipo. Mwenye jembe nyumbani anaweza kuanza shimo lake leo jioni.